Mahakama ya Miguu ya Vumbi

Bhanu alipata meza yake sokoni mwezi wa Machi, miaka miwili baada ya kufika London kutoka Mombasa. Lilikuwa soko dogo la Jumamosi, nyuma ya kanisa moja huko Tottenham, la kuwekwa asubuhi na kukunjwa jioni. Aliuza muhogo, bamia, pilipili na dhania. Waingereza waliipita meza yake wakiitazama kwa mashaka, lakini watu wa Jamaika walikuja na vikapu vitupu na kuondoka wamejaza.

Mumewe, Kishor, zamani alikuwa karani wa meli bandarini Kilindini. Sasa alikuwa kondakta wa basi. Waliishi Queensbury, chumba cha juu, kwa kaka yake Kishor, na kila Jumamosi alfajiri Bhanu aliondoka na magunia yake kwenye gari la jirani aliyekuwa akipeleka maziwa upande huo. Hakulalamika. Mombasa walinyimwa leseni ya duka walilolifungua wazee wake. Alipokwenda ofisini kuuliza sababu, karani wa pale alishusha kibao cha dirisha akaenda kunywa chai. Kwa hiyo ile kadi ya leseni ya soko ya London, ngumu, yenye jina lake, Bhanu aliifunga kwenye kitambaa na kuiweka pamoja na dhahabu zake.

Meza ya jirani yake ilikuwa ya Mwatima, mwanamke wa Kiunguja, mrefu, mwenye sauti ya kusikika mbali. Yeye alikuwa London tangu mwaka uliofuatia mapinduzi, na mkate wake wa kumimina, sambusa na kachori zilijulikana mpaka kwa mapolisi wa zamu. Kabla Bhanu hajaja, Mwatima alikuwa akitumia nafasi mbili, yake na ile iliyokuwa tupu. Bhanu alipopewa ile tupu, Mwatima alilazimika kuvuta vitu vyake. Alivuta tu, polepole, akasalimia kwa nusu ya mdomo.

Wangeweza kuwa marafiki. Soko zima, ni wao wawili tu waliojua Kiswahili, ukimtoa Jotham. Huyu alikuwa mpangaji wa Mwatima, kijana wa Kitaita aliyekuja kusomea uwakili, na Jumamosi alimbebea Mwatima meza na masufuria kwa malipo ya chakula cha juma zima. Lakini wanawake wale walipitisha wiki kadhaa kwa "hujambo" na "sijambo", kila mmoja akimngoja mwenziwe aanze.

Walianza siku ya mvua.

Mvua ilinyesha tangu usiku, na turubai la Bhanu, lililofungwa kamba kwenye nguzo ya taa, lilikuwa limekusanya maji katikati kama tumbo. Kiasi cha saa nne kamba ilifyatuka. Turubai liliinamia upande mmoja, na maji yote yakamwagika juu ya sinia la Mwatima. Mikate ya kumimina, aliyokesha kuipika, ilielea.

Mwatima alisimama akiyatazama yale maji. Kisha akageuka.

"Umefanya makusudi," alisema.

"Kamba imefyatuka, Bi Mwatima. Wallahi sijaigusa."

"Usiniapie kwa Mungu wangu! Kamba haijifungui. Tangu ulipokuja hapa unatafuta nafasi yangu."

"Nafasi yako? Yangu ninayo, na kadi ninayo. Labda umeifungua mwenyewe upate la kusema."

Watu walikwisha kusimama kutazama. Mwatima alijifunga kanga yake kiunoni juu ya koti.

"Nyinyi Wahindi kila pahala mnataka kukaa barazani. Kwetu mlishika mtaa mzima wa maduka, sisi tukawa wa kupita tu. Na huku nako mmenifuata, hata hichi kijipahala cha meza moja mkitake?"

Bhanu alihisi damu ikimpanda masikioni. Neno lililomtoka hakulipima.

"Mimi nimeondolewa na watu wasionijua. Wewe je? Wewe waliokutoa kwenu ni majirani zako, uliokula nao sahani moja. Jiulize kwa nini."

Mwatima alimgeuzia mgongo. Alibeba sinia, akaumwaga mkate wake kwenye pipa la takataka, akaanza kukunja meza. Jotham, aliyesikia yote, aliinama akafungua miguu ya meza bila kumtazama yeyote.

Waingereza hawakuelewa maneno, lakini sauti walizielewa. Mtu mmoja alimwita inspekta wa soko, mzee mwenye kofia ya mvua, asiyependa makuu. Aliwasikiliza wote wawili wakisema kwa pamoja, akachoka.

"Sijui nani kafungua kamba, na sitaki kujua," alisema. "Mmalize wenyewe. Nikiitwa tena hapa, leseni zote mbili nazirudisha ofisini."

Juma lile Bhanu hakula vizuri. Kishor alimwambia ni maneno tu ya mzee, hayatafika popote, lakini yeye aliamka kila asubuhi akiwaza kadi yake. Na chini ya wazo hilo kulikuwa na jingine lililomsumbua zaidi, lile neno la majirani. Aliuona uso wa Mwatima ulivyokuwa alipolisikia.

Huko Tottenham, Mwatima naye alikuwa amenuna. Jikoni kwake Jotham alikaa mezani na kitabu kikubwa cha historia ya sheria ya Uingereza, somo ambalo alikwisha kushindwa mtihani wake mara moja.

"Unasoma nini hicho kinachokukunja uso?" Mwatima alimuuliza akikanda unga.

"Mahakama za Waingereza wa kale, Mama. Miaka mia saba iliyopita. Mfalme ana mahakama yake, askofu yake, mwenye shamba yake. Hata soko lilikuwa na yake."

"Soko?"

"Ndiyo. Iliitwa Mahakama ya Miguu ya Vumbi. Mfalme akiruhusu watu wafungue soko au maonyesho, pamoja na ruhusa hiyo alitoa na mahakama. Wachuuzi walitoka mbali kwa miguu, wamejaa vumbi, na kesho wanaondoka. Hawawezi kungoja jaji wa mfalme apite mwakani. Basi wakikosana, wanahukumiwa palepale sokoni, siku ileile."

Mwatima aliacha kukanda.

"Na nani?"

"Na wachuuzi wenzao. Msimamizi wa soko anakaa mbele, lakini wanaoamua ni wenye meza."

"Na akiwa mgeni? Si watampendelea mtu wao?"

Jotham alifunua kurasa. Mpaka dakika ile alikuwa akiyakariri yale mambo kama kasuku. Sasa aliyasoma kwa kutaka kujua. "Hapa pana sheria ya mfalme Edward wa Tatu. Kesi ikiwa na mfanyabiashara mgeni, nusu ya waamuzi wawe wageni, nusu Waingereza."

"Waingereza walikuwa na akili hizo?"

"Walitaka wageni warudi na bidhaa, Mama. Ukimdhulumu, mwakani haji."

Mwatima aliupindua unga wake. "Basi Jumamosi naitaka mahakama hiyo," alisema. "Nenda kamwambie Mhindi yule. Kama hakufanya makusudi, aje aseme mbele za watu."

Jotham alipofika Queensbury, Bhanu alimpa chai na chevdo, ule mchanganyiko wa kukaanga wa Kihindi, akamsikiliza mpaka mwisho. Kwanza alidhani ni mtego.

"Na mimi nitapewa nafasi ya kusema?" aliuliza.

"Utasema mpaka umalize. Hiyo ndiyo kanuni."

"Bila kukatizwa?"

"Bila kukatizwa."

Kishor alicheka kwenye mlango wa jikoni. "Miaka ishirini nimeishi chini ya Waingereza, sijasikia mahakama ya mihogo." Lakini Bhanu hakucheka. "Mwambie nakuja," alisema.

Aliyeliwezesha jambo lenyewe alikuwa Doreen, muuza maua, mwanamke wa palepale Tottenham ambaye mama yake naye aliuza maua kwenye kona hiyohiyo. Jotham alipomweleza, Doreen alicheka mpaka akashika mbavu, kisha ghafla akaacha kucheka na kusema kwamba ni jambo la maana kuliko yote aliyosikia tangu Krismasi. Alikwenda mwenyewe kumwona inspekta. Inspekta alisema yeye hajui mambo ya wafalme, ila kama kutakuwa na chai na mambo yataisha kabla ya wateja, atakaa.

Jumamosi ile hapakuwa na mvua. Jua la baridi lilipiga ukuta wa kanisa, na masanduku ya maua yakageuzwa kuwa viti. Kwa upande mmoja walikaa Waingereza watatu: Doreen, mzee wa samaki, na muuza vyombo vya udongo. Kwa upande wa pili wageni watatu: mama mmoja wa Jamaika aliyeuza viazi vikuu, Mkipro, mtu wa kisiwa cha Kipro, aliyeuza zeituni na jibini, na Balbir, Singasinga wa makamo aliyeuza soksi na glavu. Balbir alitoka Punjab moja kwa moja, hakuwahi kukanyaga Afrika. Alikuwa mtu wa haya, wa kusalimia kwa kichwa. Jotham alimfuata mara mbili kabla hajakubali kukaa.

Inspekta alikaa katikati na kikombe chake. Jotham, amevaa tai, aliwaapisha. Wenye Biblia waliapa kwa Biblia aliyoazima Doreen kanisani, na Balbir alifumba macho akaapa kwa maneno yake mwenyewe, kwa sauti ya chini.

Mwatima alisema kwanza. Alisema Kiingereza chake cha sokoni, na kilipomwishia akasema Kiswahili, Jotham akatafsiri. Alieleza mikate ile imekorogwa vipi na imepikwa saa ngapi. Alieleza kamba ilivyokuwa, na kwamba kamba iliyofungwa vizuri haifunguki kwa mvua.

"Nimemaliza," alisema, akakaa.

Bhanu alisimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi usiku kucha na sasa yalimpotea karibu yote. Watu sita walikuwa wakimtazama, na hakuna aliyetazama saa. Alisema kwamba alifunga kamba mwenyewe asubuhi, mafundo mawili, kama alivyomwona baba yake akifunga marobota. Alisema hakuigusa tena. Alisema kwamba leseni hii ndiyo kitu cha kwanza alichopewa katika nchi hii bila kuomba mara mbili, na kwamba hana sababu ya kuichezea kwa kumwagia mtu maji. Kisha alibaki amesimama, kwa sababu alikuwa hajazoea kumaliza bila kukatizwa.

"Umemaliza, mpenzi?" Doreen alimuuliza.

"Nimemaliza."

Waamuzi walitazamana. Mzee wa samaki alisema mmoja anasema kamba haijifungui na mwingine anasema hakuifungua, na yeye anawaamini wote wawili, kwa hiyo hajui afanye nini.

Hapo Jotham alikumbuka jambo. "Katika zama hizo," alisema, "waamuzi hawakuchaguliwa kwa kuwa hawajui habari. Walichaguliwa kwa kuwa wanaijua. Majirani waliitwa waje waseme kwa kiapo wanachokijua. Basi nawauliza nyinyi mlioapa: kuna mmoja wenu anayejua lolote kuhusu kamba ile?"

Njiwa walikuwa wakitembea juu ya paa la kanisa. Mama wa Jamaika alitikisa kichwa, Mkipro akatikisa kichwa. Balbir alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mimi," alisema.

Wote wakageuka.

"Asubuhi ile mkokoteni wangu ulikwama kwenye kamba," Balbir alisema polepole, akitafuta Kiingereza chake. "Huyu dada alikuwa amekwenda kuchukua gunia la pili. Nikaifungua nikapita. Nikafunga tena, lakini mikono ilikuwa baridi, nikafunga kama kamba ya kiatu. Nikasema nitamwambia. Halafu wateja wakaja." Alijifuta ndevu. "Maji yalipomwagika nilijua. Lakini nilimwona inspekta, na leseni yangu nami ni mpya. Nikaogopa. Leo nimeapa, siwezi kukaa nalo."

Bhanu alikaa chini juu ya gunia la muhogo. Kitu cha kwanza alichohisi hakikuwa hasira. Ni kama mtu aliyebeba ndoo kichwani njia nzima, akatuliwa.

"Basi kesi imekwisha!" alisema inspekta, akiinua kikombe.

"Haijakwisha," alisema Doreen. "Maji ni maji. Lakini siku ile hawa walitupiana maneno, na kila mtu aliona kuwa maneno ndiyo yaliyoumiza. Sisi hatukuyaelewa. Jotham, wewe ulikuwepo. Walisema nini?"

Jotham aliigusa tai yake. Alimtazama mwenye nyumba wake, akamtazama Bhanu.

"Jotham, usiyatafsiri," Bhanu alisema kwa Kiswahili.

Na papo hapo, kwa Kiswahili kilekile, Mwatima akasema, "Thubutu uone! Leo utalala nje."

Walisikia kwamba wamesema pamoja. Wakatazamana. Mwatima ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha puani alichojaribu kukizuia, na Bhanu akajifunika uso kwa ncha ya sari, mabega yakimtikisika. Waamuzi hawakujua kinachochekesha, lakini mzee wa samaki alicheka pia, kwa kuwa alipenda kucheka.

"Mahakama," alisema Jotham kwa Kiingereza, akirekebisha tai, "inaarifiwa kwamba maneno yale hayana Kiingereza."

Hukumu ilichukua muda mfupi. Balbir, kwa kukubali kwake, atafunga turubai za wanawake wote wawili kila Jumamosi yenye mvua mpaka kiangazi. Mpaka wa meza utachorwa chokaa, na inspekta hatazigusa leseni. Balbir aliinama mara tatu na akaonekana kama aliyepewa zawadi. Inspekta aliuliza kama sambusa zile zinauzwa au ni za kutazama.

Wateja walianza kuingia. Bhanu alipanga bamia zake, akazipanga tena, kisha akavuka kwenda meza ya pili.

"Bi Mwatima. Lile neno la majirani. Halikuwa neno la kusema. Nisamehe."

Mwatima alikuwa akifunga sambusa kwenye gazeti. Hakuacha kufunga.

"Mmoja wao alitulisha," alisema. "Siku zile za mwanzo za mapinduzi, hatutoki nje. Alikuwa akipitisha chakula kwa ukuta wa nyuma, naye mwenyewe ana watoto wa kulisha. Mwingine ndiye aliyetutaja kwa waliotusaka. Nami sikujibu siku ile kwa sababu sikujua nimjibu yupi kwanza." Alimkabidhi mteja sambusa zake. "Na mimi langu la Wahindi lilikuwa neno baya. Mshoni wa nguo yangu ya harusi alikuwa Mhindi, na hakutaka malipo. Nilimsahau mtu yule kwa sababu ya sinia la mkate. Tusameheane, Bhanu."

"Tumesameheana."

"Basi nenda, una wateja. Na hiyo pilipili yako usimpe mtu bila ya kumwambia, utatuulia Waingereza."

Tangu siku hiyo walikula pamoja saa za mchana, wamekaa juu ya masanduku, Bhanu akila zile kachori zisizo na nyama alizopikiwa yeye. Walisemeshana mambo ya Forodhani ya Unguja na ya Makadara ya Mombasa, wakabishana ni wapi kachori ni bora, na hawakuafikiana hata siku moja. Jotham aliufanya mtihani wake mwezi wa sita. Swali la masoko halikuja. Lilikuja la makasisi na mahakama za askofu. Alifaulu hata hivyo, na Mwatima alimpikia biriani akaalika darasa zima la wanafunzi wenzake.

Mahakama yenyewe haikufa. Inspekta aligundua kwamba inampunguzia kazi, na kila mara watu wawili walipogombana alisema, "Wapelekeni kwa Doreen." Waliamua kesi ya mbwa, na kesi ya mtu aliyevuka chokaa kwa kisanduku kimoja cha nyanya.

Kisha, Jumamosi moja ya Septemba, walikosana mzee wa samaki na muuza vyombo. Mzee wa samaki alikuwa na sauti ya kunadi iliyoweza kumwamsha maiti, na siku hiyo mteja mmoja wa vyombo aliyeshika birika lenye michoro ya maua aliruka kwa mshtuko akaliangusha likavunjika. Wote wawili walikuwa Waingereza, lakini Doreen alisema desturi ya nusu kwa nusu imewafaa na hawaiachi. Waingereza wengine wawili walikwisha kuziba nafasi zao, lakini ya Mkipro, aliyekuwa na wateja, ilikuwa wazi. Doreen alikuja mpaka kwenye meza ya mihogo, akajipangusa mikono kwenye aproni.

"Bhanu, tunakuhitaji. Utakaa?"

"Mimi?"

"Nani mwingine? Wewe uko meza ya tatu kutoka kwake. Unaijua sauti ile kuliko sisi."

Bhanu alimtazama Mwatima. "Nenda," Mwatima alisema. "Nitakuuzia."

Alikaa juu ya sanduku, katikati ya Balbir na mama wa Jamaika, sari imekunjwa vizuri miguuni. Aliapa. Alisikiliza pande zote mbili mpaka wakamaliza. Wengine walipoanza kubishana kama birika lilipwe au lisilipwe, alinyoosha mkono, nao wakanyamaza wakamgeukia.

"Nina swali moja kwa mzee wa samaki," alisema. "Hao wateja unaowaita, wako upande gani?"

Mzee wa samaki alifikiri. "Upande wa barabara."

"Na wewe unanadi umeelekea wapi?"

"Nimeelekea… kwenye vyombo."

"Basi geuka," Bhanu alisema.

Mkipro, mezani kwake, alipiga makofi. Muuza vyombo alisema hilo lingetosha kwake, birika lenyewe lilikuwa na ufa tangu mwanzo. Mzee wa samaki alikwenda kwenye meza yake, akaizungusha na barafu yake yote kwa msaada wa Balbir, akasimama akitazama barabara, akavuta pumzi, na kunadi chewa wake kwa sauti ambayo ilisimamisha basi.